Mkono ulivuka, bega likakwama forodhani: Sonny Bill Williams kati ya raga mbili

Kila msimu hakosekani kijana mmoja mazoezini anayejaribu kutoa pasi kwa mkono mmoja huku ameshashikwa na watu wawili. Mpira unadondoka, wapinzani wanauokota, mimi napuliza kipenga. Nikimwuliza ameyaona wapi hayo, jibu ni lilelile: Sonny Bill. Basi leo nieleze pasi hiyo ilikotoka, maana haikuzaliwa kwenye raga tunayoicheza hapa Kenya.

Kwanza majina. Nikisema "raga ya ligi", wachezaji wangu hudhani nazungumzia Kenya Cup, ligi kuu ya raga hapa kwetu. Kwa hiyo nitakwenda na hesabu ya watu uwanjani: raga ya kumi na tatu, na raga ya kumi na tano, ambayo ndiyo yetu. Ulikuwa mchezo mmoja hadi mwaka 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipokutana hotelini mjini Huddersfield na kujitenga. Wachezaji wao walikuwa watu wa viwandani na migodini, na walitaka wafidiwe siku walizokosa kazi kwa ajili ya mechi. Wakubwa wa mchezo wakakataa katakata. Tangu hapo aliyekwenda kumi na tatu alifungiwa mlango wa kumi na tano, na mlango huo haukufunguliwa hadi Agosti 1995, miaka mia baadaye. Sonny Bill Williams, mzaliwa wa Auckland, New Zealand, alikuwa ametimiza miaka kumi mwezi huohuo.

Alianzia kumi na tatu, na hapo ndipo siri ilipo. Katika raga hiyo ukikabwa hakuna anayekugombania mpira ukiwa chini. Unainuka, unauviringisha nyuma kwa mguu, mchezo unaendelea. Wapinzani wanapewa nafasi ya kurudi mita kumi na kujipanga upya. Ukikabwa mara sita, mpira ni wao. Maana yake kila unapoangushwa unawajengea ukuta upya. Njia ya uhakika ya kuwakuta hawajajipanga ni mpira kutoka mikononi mwako kabla hawajamaliza kukuangusha. Na kwa kuwa wanakuja watatu kukukumbatia kifuani wakiufunga mpira, watatu hao hawamo ukutani. Jamaa ana urefu wa mita 1.94 na viganja kama sahani. Alijifunza kuinua mkono juu ya vichwa vyao na kumwachia mpira mwenzake anayepita.

Alitwaa ubingwa wa Australia na Bulldogs, klabu ya Sydney, mwaka 2004, akiwa na miaka 19. Julai 2008, msimu ukiwa katikati na mkataba wake ukiwa na miaka mbele, alipanda ndege kimyakimya kwenda Toulon, Ufaransa, kucheza kumi na tano chini ya kocha Tana Umaga. Klabu ilikwenda mahakamani na suala likaisha kwa fidia. Nampenda sana mchezaji huyu, lakini kuondoka bila kuwaaga wenzako wa chumba cha kubadilishia nguo ni aibu, na sitamtetea.

Sasa angalia kilichomkuta upande wa pili. Kwenye kumi na tano ukiangushwa ni lazima uachie mpira, na hapo raki inaanza: watu wanasukumana juu yako kuuwania. Ndiyo maana wakabaji wengi hukulenga miguuni, wakuangushe haraka ili wenzao waje kuiba. Miguuni! Mtu aliyezoea kuchomoa mkono katikati ya watu watatu waliombana kifua, leo anakabwa magoti na mikono yote miwili iko huru. Ni kama fundi aliyezoea kufanya kazi gizani kuwashiwa taa. Kila pasi aliyoitoa akianguka ilikuwa raki moja iliyoepukwa.

Jambo la pili ni nafasi. Kwenye kumi na tatu alicheza mbele, safu ya pili. Kwenye kumi na tano wakamweka senta, namba 12, katikati ya safu ya nyuma. Kwa jina ni kazi mbili tofauti kabisa. Kwa ramani ya uwanja ni jirani: safu ya pili ya kumi na tatu hukimbilia pembeni kidogo, akipokea kutoka kwa mchezeshaji na kulivamia pengo kati ya wakabaji wawili. Mlinganishe na Sam Burgess, Mwingereza wa kumi na tatu. Huyo alikuwa chuma cha katikati ya uwanja, aliyeipa South Sydney ubingwa wa 2014 akicheza na mfupa wa shavu uliovunjika. Alipohamia Bath, klabu ya kumi na tano ya Uingereza, klabu ilimtumia flanka, yaani mchezaji wa mbele, timu ya taifa ya England ikampeleka Kombe la Dunia 2015 kama senta, na mwaka haukuisha kabla hajarudi Sydney. Watu walisema alishindwa. Mimi nasema hawakukubaliana anakaa wapi.

Kombe hilohilo, fainali Twickenham, Sonny Bill aliingizwa upande wa New Zealand baada ya mapumziko. Dakika chache tu, akavuta wakabaji, mkono ukatoka, Ma'a Nonu akapokea akiwa kasi na kukimbia hadi kufunga trai. New Zealand 34, Australia 17. Na katikati ya hayo yote, mwaka 2013, alikuwa amerudi kumi na tatu na kutwaa ubingwa tena, safari hii na Sydney Roosters.

Rio 2016 alijaribu na raga ya wachezaji saba. Kenya tulikuwa kundi moja nao, nami nilikuwa nimeshawaalika watu nyumbani tumwone akikabwa na vijana wetu. Mechi ya kwanza, dhidi ya Japani, akaumia kano ya kisigino, na Olimpiki yake ikaishia hapo.

Wachezaji wangu Waislamu huniuliza zaidi habari za kola. Alisilimu akiwa Ufaransa, na mwaka 2017 alifunika kwa utepe nembo ya benki kwenye kola ya jezi ya klabu yake, Blues ya Auckland, kwa sababu ya riba. Viongozi wa raga wa New Zealand wakakubali asivae nembo za benki, pombe wala kamari. Kwa nchi kama yetu, ambako kampuni za kubeti ziko kwenye jezi nyingi, mjadala huo haupoi upesi.

Kilichogoma kuvuka ni bega. Enzi zake za Bulldogs alisifika kwa kumgonga mtu kwa bega bila kumzungushia mikono. NRL yenyewe, ligi kuu ya kumi na tatu ya Australia, ilipiga marufuku ugongaji huo kuanzia msimu wa 2013. Wellington, Julai 2017, dhidi ya Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, dakika ya 25, aliingia na bega na kumpata Anthony Watson kichwani. Kadi nyekundu, ya kwanza kwa mchezaji wa All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand, katika miaka 50, na wakafungwa 24-21. Alikuwa na miaka 31, tayari ana makombe mawili ya dunia, na mwili ulikuwa bado unakumbuka Sydney.

Kwa hiyo kijana wangu wa pasi ya mkono mmoja, wiki hii tunaanza na kukaba. Mikono yote miwili, chini ya mabega.