Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ni rais wa nini?

Neno "rais" hapa linapotosha. Rais wa Baraza Kuu hana Ikulu wala jeshi, na hakuna nchi anayoitawala. Mlinganishe na Spika wa Bunge: hufungua kikao, huwapa wajumbe nafasi ya kusema, huitisha kura na kugonga nyundo. Hushika kiti mwaka mmoja tu, kuanzia Septemba, na Umoja wa Mataifa haumlipi mshahara. Mtendaji mkuu ni Katibu Mkuu, na wengi huwachanganya wawili hawa.

Kiti hicho huzunguka baina ya makundi 5 ya kikanda. Kwa kawaida kundi lenye zamu huleta jina moja na ukumbi hulipitisha kwa makofi. Mwaka 2012 zamu ilikuwa ya Ulaya Mashariki, nao hawakuelewana. Vuk Jeremić, waziri wa mambo ya nje wa Serbia, alichuana na balozi wa Lithuania, Dalius Čekuolis, mpaka ikabidi ipigwe kura ya siri. Jeremić alishinda kwa kura 99 dhidi ya 85, akiwa na umri wa miaka 36.

Waziri anakitakia nini kiti kisicho na mshahara? Kwa maoni yangu, jibu liko Kosovo, eneo lililokuwa jimbo la Serbia. Ilipojitangazia uhuru Februari 2008, Serbia ilikimbilia Baraza Kuu, ambako kila nchi ina kura moja na hakuna kura ya turufu. Oktoba mwaka huo nchi 77 ziliunga mkono ombi lake la kupata maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. 6 tu zilipinga, ingawa 74 hazikuelemea upande wowote. Mwaka 2010 majaji wakajibu kwamba tangazo lile halikuvunja sheria ya kimataifa. Pigo kubwa kwa serikali ya Serbia, lakini Jeremić alikwishajua kura za nchi ndogo hutafutwaje. Urafiki wa zamani wa Yugoslavia, nchi iliyovunjika ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake, na nchi zisizofungamana na upande wowote ulimfaa sana.

Katika mwaka wake Palestina ilipewa hadhi ya dola mwangalizi, yaani mshiriki asiyepiga kura, kwa kura 138, na Mkataba wa Biashara ya Silaha ukapita. Tusimpe sifa hizo yeye: walioamua ni wanachama. Alama yake mwenyewe ni mjadala wa Aprili 2013 kuhusu mahakama za kimataifa za jinai, ambao Marekani iliususia. Mwenye kiti anaweza kuitisha mazungumzo hata wakubwa wakinuna.

Baadaye aliwania ukatibu mkuu mwaka 2016, ukaenda kwa António Guterres. Mwaka 2017 aligombea urais wa Serbia wenyewe, ule wenye nchi, akapata chini ya asilimia 6. Salim Ahmed Salim wa Tanzania, aliyekalia kiti hichohicho cha Baraza Kuu mwaka 1979, naye aliutaka ukatibu mkuu mwaka 1981. Yeye alizuiwa na kura ya turufu ya Marekani.