Keria ya Nyuma ya Gari la Porini: Yanayoaminika Gerejini na Ukweli Wake

Keria nyingi (fremu za nyuma za kubebea tairi la akiba na madumu) zinazochomelewa Arusha hazivunjwi na mzigo. Zinavunjwa na mtikisiko usiokoma wa barabara iliyojikunja kama bati, mfano ile ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron.

Dhana: Chuma kizito ndicho imara.

Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene milimita 3, lina kama kilo 20 kwa urefu wa mita 6. La 50 kwa 50, unene milimita 4, linafika kilo 34. Ziada hiyo yote inaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Chukua Land Cruiser 80, ambayo ekseli zake zimeachana mita 2.85. Keria ya kilo 35, tairi la akiba la kilo 35 na madumu mawili ya dizeli ya lita 20 (kama kilo 40) ni kilo 110. Vikikaa mita 1.2 nyuma ya ekseli, springi za nyuma zinaongezewa kilo 156, maana mbele pamenyanyuliwa kilo 46. Usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapoteza mshiko.

Bomba la 40 kwa 40 linatosha. Nguvu itiwe kwenye maungio, hasa nguzo inapokutana na bampa, kwa vipande vya pembetatu vya bamba la milimita 5. Nyufa huanzia hapo, pembeni kabisa mwa weldi.

Dhana: Ikifungwa kwenye bampa ya kiwandani inatosha.

Bampa hiyo ni bati tu. Keria ishike chasisi kwa bolti za M12 (kipenyo milimita 12) daraja la nguvu 8.8, angalau tatu kila upande, zenye nati za kujikaza. Chasisi ni boksi lenye uwazi ndani, kwa hiyo weka kipande cha bomba ndani yake bolti ipite humo. Bila hicho, ukikaza kuta zinabonyea na bolti inalegea safarini.

Dhana: Bawaba ya geti inaweza kubeba mkono wa tairi (bomba la keria linaloshika tairi la akiba na kufunguka kama mlango).

Kwa mwezi mmoja labda. Geti halirukirukii. Tumia habu ya trela yenye beringi mbili za koni na grisi. Tena mkono ukifungwa, ncha yake ipande kwenye kiti kilichoinamishwa na ikazwe na komeo la kuvuta, ili uzito ukae pande mbili. Mkono unaogonga hata kidogo utakata weldi, haijalishi fundi alikuwa nani.

Dhana: Ukichomelea bomba la mabati (lililopakwa zinki), kunywa maziwa.

Maziwa hayazuii chochote. Moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, mtu akadhani ni malaria. Saga zinki kwa grenda sentimita 5 kila upande wa ungio, vaa kinga ya moshi, fanya kazi penye upepo. Weldi nayo haitakuwa na vitundu.

Dhana: Rangi nzuri inazuia kutu.

Kutu huanzia ndani ya bomba. Toboa tundu la milimita 6 chini ya kila bomba ili maji yatoke.

Kabla ya kuchomelea chochote kikiwa kwenye gari, chomoa waya hasi wa betri. Baada ya kilomita 100 za kwanza za barabara ya rafu, kaza bolti zote upya. Ukiona mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi karibu na weldi, huo ni ufa: shusha mzigo siku hiyohiyo.