Je, wajua kwa nini hamu ya kazi huja baada ya kuanza?

Katika komini, yaani mitaa mikuu, za Lubumbashi nchini Kongo, kuanzia ile iitwayo Kenya hadi Katuba, hakosekani kijana mwenye daftari la mashairi lililoishia ukurasa wa tatu, wala mchoraji ambaye turubai yake imeegemea ukuta tangu mvua za mwaka jana. Ukiwauliza, wengi watakujibu kwamba wanangoja hamu irudi. Jibu hilo linaonekana la busara, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba mtu hupata moyo kwanza, kisha hutenda. Hata hivyo, mara nyingi mambo huenda kinyume: mtu hutenda kidogo, na kile alichokwisha kukitenda ndicho humvuta aendelee.

Kazi ambayo haijaanzwa haina mahali pa kushikia. Kuandika riwaya si tendo ambalo mkono unaweza kulifanya leo jioni. Ni jina la matendo mengi yaliyorundikwa pamoja, na akili ikiutazama mrundikano huo huona uchovu tu. Mtazame mfua shaba anapoanza bamba jipya. Kwanza huchora mistari myembamba kwa ncha ya chuma, kisha huifuata kwa tindo na nyundo, pigo moja baada ya jingine, akiligeuza bamba ili agonge upande wa nyuma pale anapotaka uso au bega la sanamu liinuke. Bega moja likishainuka, hahitaji tena kujiuliza aanzie wapi, kwa sababu bega la pili linadai lilingane na la kwanza.

Mvuto huo wa kazi iliyoachwa katikati ulichunguzwa mjini Berlin karibu miaka 100 iliyopita. Mwaka 1928 mwanasaikolojia Maria Ovsiankina alitoa matokeo ya majaribio ambamo watu walipewa kazi ndogo ndogo, wakakatizwa kabla ya kuzimaliza, kisha wakaachwa huru. Wengi wao walirudi kuziendeleza kazi zile wenyewe, bila kuagizwa na bila kuahidiwa malipo. Mwaka mmoja kabla yake, mwenzake Bluma Zeigarnik alikuwa ameeleza kwamba kazi zilizokatizwa hukumbukwa kuliko zilizokamilika. Dai hilo la kumbukumbu limebishaniwa sana, kwa kuwa majaribio mengine hayakulithibitisha, lakini mwelekeo wa kurudi kuiendeleza kazi iliyokatizwa umesimama imara zaidi. Kwa msanii, huo ndio wenye faida kubwa.

Lubumbashi yenyewe ina mfano ambao ningependa kila kijana mwenye ndoto kubwa aufahamu. Tshibumba Kanda-Matulu alikuwa mchoraji aliyejitafutia riziki kwa kuuza picha moja moja. Kati ya mwaka 1973 na 1974, akitiwa moyo na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha mjini hapa na ambaye alizungumza naye kwa Kiswahili cha Shaba (jina la Katanga wakati huo), alichora historia ya nchi yake katika picha 101. Hesabu hiyo ingemtisha yeyote aliyeitazama kwa mkupuo. Lakini historia ina mpangilio wake: tukio moja humwitia mchoraji tukio linalofuata, na kila picha iliyokauka ilikuwa kazi kamili kwa upande mmoja na sehemu ya kazi isiyokamilika kwa upande mwingine.

Basi ugumu halisi uko katika hatua ya kwanza, na hapo nia peke yake haitoshi. Mwaka 1997 wanasaikolojia Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walieleza jaribio ambamo wanafunzi waliombwa kuandika taarifa fupi wakati wa sikukuu ya Noeli. Miongoni mwa wale waliotaja mapema wataandikia wapi na saa ngapi, karibu robo tatu waliifanya kazi hiyo kwa wakati. Miongoni mwa wengine, ni takriban theluthi moja tu. Katika mji ambamo umeme hukatika bila taarifa, kupanga saa kamili huwa ni kujidanganya, kwa hiyo nashauri mpango ufungwe kwenye tukio: "Umeme ukirudi, kabla ya kushika simu, nitarekodi ubeti wa pili." Tukio linapotokea, uamuzi umekwisha kufanyika.

Namna ya kuacha nayo ina uzito. Ukisimama pale unapojua sentensi inayofuata, ukaandika maneno yake mawili matatu pembezoni, kesho utaikuta kazi iko wazi mbele yako. Ukijikamua hadi usijue la kusema, utarudi kwenye ukuta uleule wa mwanzo. Haya yote hayamhusu aliyechoka kwa njaa au ugonjwa, kwani huyo anahitaji chakula na mapumziko kabla ya shauri lolote. Yanamhusu mwenye nusu saa na penseli, ambaye bado anaamini kwamba kuna kitu kingine anachopaswa kukingoja.