Chango lisiloisha: endometriosi inatoka wapi hasa?

Mwezi wa tatu kila mwaka dunia inaongelea endometriosi, sisi wa kliniki ya wanawake hapa Kigoma tunaiongelea mwaka mzima maana wagonjwa hawakomi kuja, na karibu kila binti anayeletwa na mama yake anakuja na jibu kabisa toka nyumbani. Ni jini mahaba, au ni sindano ya uzazi wa mpango, au (hili linaniudhi) eti alitoa mimba kisirisiri. Jamani.

Ugonjwa wenyewe ni nyama inayofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko, kwenye ovari, kwenye utumbo. Imefikaje huko ndo mabishano. Mwaka 1927 daktari wa Marekani, John Sampson, alisema damu ya hedhi haitoki yote chini, nyingine inarudi juu kwa mirija ya uzazi, inamwagikia tumboni, chembe zinashika na kuota. Inaeleza mengi, ila tafiti zinaonyesha damu inawarudi hivyo wanawake hadi 90 kwa 100 na wanaougua ni kama 10 tu. Ndo maana tunaangalia pia kinga ya mwili, kwa nini kwa huyu imeshindwa kuzisafisha, na tunauliza ukoo, mama au dada akiwa nao hatari inapanda. Halafu kuna wachache wanaokutwa nao kwenye mapafu, mirija haifiki huko, hapo tunasema chembe zimesafiri kwa damu au limfu (majimaji ya mwili yenye mishipa yake). Na wanaume je? Wapo, wa kuhesabika, waliokuwa wanatibiwa saratani ya tezi dume kwa homoni ya estrojeni, hao hedhi wameipata wapi? Hapo inaingia nadharia kwamba utando wa tumbo wenyewe unaweza kugeuka kuwa nyama hiyo.

Hata nyani wanaugua. Nyani kama hawa wetu wa Gombe wanaona hedhi, na wenzao waliochunguzwa Kenya walikutwa nao, umeanza wenyewe tu. Sasa nyani alichomwa sindano na nani?

Na wanaosema akizaa atapona, kuzaa siyo tiba, msimuozeshe mtoto kwa sababu ya tumbo.

Utaratibu wa kuja kwetu: usiruke ngazi. Anza zahanati au kituo cha afya, kisha wilaya, ndo upewe barua ya rufaa yenye muhuri na maelezo ya dawa ulizotumia, bila hiyo unarudishwa dirishani na siku imeisha. Njoo na pakiti za dawa zote. Altrasaundi ikitoka safi haimaanishi huna, wakati mwingine mpaka kamera iingizwe tumboni kwa tundu dogo.

Uje pia na karatasi ya miezi mitatu: tarehe za hedhi, siku za maumivu, na kama yanauma ukienda haja kubwa. Aandike binti mwenyewe, siyo mama.