Meno ya bandia si lazima yasubiri utu uzima

Huku Mbeya na Iringa, mzazi ambaye mtoto wake amefika miaka mitatu bila meno, au ana mawili tu yaliyochongoka kama misumari, huambiwa: "Subiri akue, ndipo awekewe ya bandia." Si kweli, na kusubiri huko kunamuumiza mtoto.

Kinachosubiri ukuaji wa taya uishe ni meno ya kupandikizwa kwenye mfupa. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua yanaweza kuanza akiwa na miaka mitatu hivi, mradi akubali kupimwa. Yatabadilishwa mara kadhaa kadiri taya linavyokua. Hiyo ni kawaida. Faida yake ni kubwa: atatafuna makande, atatamka "s" na "f" vizuri, na hataficha mdomo darasani.

Mtoto wa namna hii akiwa pia na nywele chache na ngozi kavu isiyotoa jasho, huenda alizaliwa na ektodemo displasia. Ni hali ya kurithi, wala si laana ya ukoo. Kwenye baridi ya Makete hamtaligundua tatizo la jasho. Lakini mkimpeleka Kyela au Usangu wakati wa joto, mwili utawaka kama ana homa. Mloweshe shati, mpe maji, mweke kivulini.

Anzeni na daktari wa meno wa hospitali ya wilaya, mwombe rufaa. Na hayo meno mawili yapigwe mswaki kwa dawa yenye floraidi. Ndiyo yatakayoshikilia yale ya bandia.