The Slumber Party Massacre haikutungwa na wanaume

Bango la filamu hii ya kutisha ya mwaka 1982, wasichana wamejikunyata mbele ya mwanamume mwenye drili, limewafanya wengi waamini kuwa hii ni kazi ya wanaume kwa ajili ya macho ya wanaume. Bango linastahili lawama, sibishi. Filamu ni habari nyingine.

Muswada uliandikwa na Rita Mae Brown, mwanariwaya na mtetezi wa haki za wanawake, kwa nia ya kuzikejeli filamu za wauaji. Mwongozaji ni Amy Holden Jones, mhariri wa filamu aliyeiacha nafasi ya kuhariri E.T., filamu ya Steven Spielberg, ili aongoze filamu yake ya kwanza kwa Roger Corman, mtayarishaji aliyesifika kwa kubana matumizi. Filamu ilipigwa kama ya kutisha kweli, hivyo kejeli imebaki vipande vipande: msichana anakula pitsa huku maiti ya aliyeileta iko palepale.

Uchi umo, tena wa kutosha, soko lilidai. Lakini fundi wa simu ni mwanamke, kocha ni mwanamke, na mwishoni ncha ya ile drili ya muuaji inakatwa kwa panga lililoshikwa na msichana.