Kwa nini haibridi hutumia oili nyepesi hata kwenye joto la Dar?

Kitabu cha Toyota Aqua, gari la haibridi (lenye injini ya petroli na mota za umeme), kinataka oili nyepesi ya 0W-20. Fundi akiona inavyotiririka anatikisa kichwa: hiyo ni ya baridi ya Japani, huku kwetu weka oili nzito ya 20W-50, tena injini ya haibridi inazimika na kuwaka kila mara.

Hoja inaingia akilini, ila injini haijui iko Kariakoo. Themostati, kifaa cha kudhibiti joto, huyashikilia maji yake kwenye nyuzi 80 hadi 90 hivi, iwe Dar es Salaam au Sapporo. Ile 20 ya mwisho ni kipimo cha unene oili ikiwa na nyuzi 100. 0W inahusu baridi kali tu, wala haiifanyi oili kuwa nyepesi zaidi ikishapata moto.

Oili ni kama uji: ukiwa wa moto unamiminika, ukipoa unasimama. Alfajiri yenye nyuzi 26, hata 0W-20 ni uji uliopoa, mzito mara kadhaa kuliko ukiwa jikoni. 20W-50 saa hiyo inakaribia ugali, na pampu inatakiwa kuusukuma kwenye nafasi za beringi nyembamba kuliko unywele.

Kuhusu kuzimika: injini, mota mbili na magurudumu vimeunganishwa na gia za sayari (gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati), bila klachi wala gia ya rivasi (ukirudi nyuma, magurudumu yanasukumwa na mota tu). Injini ikihitajika, mota moja huizungusha hadi karibu mizunguko 1,000 kwa dakika kabla petroli haijaingia, kwa hiyo presha ya oili inakuwa imeanza kupanda.

Balaa liko kwingine. Kwenye foleni na safari fupi injini haipati moto wa kutosha, hivyo petroli isiyoungua na unyevu hubaki ndani ya oili.

Hata hivyo 0W-20 si dawa ya ajabu. Ilichaguliwa pia ili kubana matumizi ya petroli. Prius ya kizazi cha pili, yenye injini ya 1NZ-FXE kama ya Aqua ya kwanza, Marekani iliandikiwa 5W-30. Vitabu vya Toyota vyenyewe vinakiri kwamba oili nzito zaidi inaweza kufaa kwa mwendo wa kasi au mzigo mkubwa. Aqua iliyochoka ringi za pistoni na inayokula oili inaweza kutulia kidogo kwa 5W-30. Kurukia 20W-50 ni habari nyingine.

Na kijiti cha kupimia kikinuka petroli, mwaga oili hata kama kilomita hazijafika.